Kabla ya Kununua Pompe Nyingine



Wengi wenu mmetuuliza, wengine kwa upole na wengine kwa sauti ya sokoni, kwa nini pesa ya pompe imekaa kwenye sanduku tangu mwezi wa sita na pompe haijanunuliwa. Swali ni la haki. Pesa ile ni yenu: franka 500 kila wiki kutoka kwa kila jamaa, na kuna wamama waliouza sombe na mawese fungu kwa fungu ili waitoe. Basi wiki hii tunaandika kwa urefu kidogo, tueleze tulichokuwa tunafanya miezi hii mitatu, pompe gani tumeichagua, na kwa sababu gani. Vikundi vingine ambavyo foraji zao zimekufa vitaona labda kitu cha kuwafaa.

Hali mnaijua. Tangu maji yakatike, mabinti zetu wanaamka saa kumi za alfajiri kwenda mtoni. Zamani walichota bidoni nne kabla ya masomo. Sasa shule zimefunguliwa tena na wanarudi na mbili, halafu wanafika darasani kengele imekwisha kulia. Maji ya mtoni tunayaona wenyewe: upande wa juu watu wanafua, upande wa chini wanaloweka mihogo, sisi tunachota katikati. Kolera kwetu Maniema si habari ya kusikia redioni tu. Kila mama hapa anajua jinsi mtoto anavyoweza kukauka kwa siku moja. Kwa hiyo kuchelewa kuna bei yake, na sisi tuliosema “tungoje kwanza” tulilijua jambo hilo kila asubuhi tulipowaona watoto wakiteremka na bidoni. Lakini sanduku letu lina pesa ya pompe moja. Likitoka tupu na pompe haifai, tutarudi mtoni kwa muda mrefu zaidi.

Mapendekezo yalikuwa mengi. Wazee wa komite walisema tununue pompe ileile iliyokufa, maana imetutumikia. Vijana walitaka motere na pano za solari. Na shemeji wa mmoja wetu, anayefanya kazi katika hoteli moja huko Bukavu, alituma habari iliyowafurahisha watu sana: hoteli inabadilisha pompe ya pisini yake, ile ya zamani bado inafanya kazi, na wanaweza kutupa bure. Bure! Kuna mama aliyeanza kupiga vigelegele kabla simu haijakatwa. Mtu akikupa kitu bure ni vigumu kusema hapana, na siku ile tulionekana wabaya.

Tuliuliza swali moja tu: pompe ya pisini inafanya kazi gani pisini? Kazi yake ni kuzungusha maji. Inayavuta kutoka kwenye pisini iliyo pale pale karibu, inayapitisha kwenye chujio la majani na uchafu, na kwenye mchanga unaoyasafisha, kisha inayarudisha mle mle. Inasukuma maji mengi sana kwa saa moja, lakini haiyapandishi mbali. Tena inataka umeme wa volti 220 mchana kutwa, na sisi Kasongo umeme wa namna hiyo hatuna. Ukiiwasha kwa jenereta, esansi itakula pesa ya chakula.

Lakini hata tungekuwa na umeme, isingeweza. Hili tulielezwa na fundi mmoja mzee, nasi tunalirudia kwa sababu wafanyabiashara wengi watakuja kuwauzia pompe za motere za kukaa juu ya ardhi. Pompe inayokaa juu ikivuta maji kutoka chini inafanya kama mtoto anayenyonya soda kwa mrija. Mtoto hayavuti maji yale. Anaondoa hewa ndani ya mrija, na hewa ya nje ndiyo inayoyakandamiza yapande. Nguvu ya hewa hiyo ina mpaka. Hata pompe iwe kamili namna gani, haiwezi kuyapandisha kwa kuvuta zaidi ya metre kama 10, na kwa kazi ya kweli ni 7 tu. Wachimba visima wa Italia walikuwa wameliona tatizo hilo, na Evangelista Torricelli ndiye aliyelieleza mwaka 1643. Maji ya foraji yetu yako mbali zaidi ya mara mbili ya hapo. Hakuna motere ya juu, ya pisini au ya kumwagilia bustani, itakayoyafikia, hata ukiongeza ukubwa wake mara 10. Kwa kina cha namna yetu lazima kile kinachosukuma maji kiteremke chini, kikae ndani ya maji yenyewe.

Tulimshukuru shemeji. Tulimwambia pompe ile apewe mtu mwenye bwawa la samaki karibu na nyumba.

Baadaye ndipo tulipofanya kazi ambayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo haikugharimu kitu isipokuwa chakula cha mafundi: tulitafuta pompe yetu ya zamani iliuawa na nini. Watu wengi pompe ikifa wanasema imezeeka, basi. Lakini kichwa chake, mkono wake na mnyororo wake vilikuwa bado vizima. Ni pompe ya mfano wa India Mark II, ile inayoonekana karibu kila mahali: ilitengenezwa India miaka ya 1970 kwa msaada wa UNICEF, na mfano wake hauna mwenyewe, kila kiwanda kinaweza kuutengeneza. Ni pompe ngumu. Kwa nini basi yetu ilikufa?

Mnakumbuka kwamba kwa miaka miwili ya mwisho tulilalamika juu ya maji mekundu. Chai ilikuwa nyeusi kama dawa, nguo nyeupe za watoto za shule zilitoka na madoa, na mchele wetu mzuri wa hapa ulibadilika rangi chunguni. Wengine walisema ni ardhi ya Kasongo, ni nyekundu, tufanye nini. Kumbe kuna njia rahisi ya kujua. Pompe iache ilale usiku mzima bila kuguswa. Asubuhi uchote bidoni ya kwanza, ya pili, ya tatu, uziweke kwa mstari. Kama bidoni za kwanza ni nyekundu na zinazofuata zinakuwa safi, wekundu unatoka kwenye tiyo: maji yamelala ndani ya chuma usiku, yamekula kutu. Kama maji ni mekundu tangu asubuhi hadi jioni, chuma kimo ardhini mwenyewe. Mama mmoja wa avenyu ya chini alikuwa ameshafanya jaribio hilo bila kuambiwa na mtu. Kila siku alimwaga bidoni tano za kwanza kwenye migomba yake, ya sita akaipeleka nyumbani. Majirani walimwita mwenye maringo. Yeye ndiye aliyekuwa ameelewa.

Mwezi wa saba tiyo zilitolewa, na wale waliokuwapo waliona. Tiyo tisa za chuma kilichopakwa zinki, kila moja metre 3. Zinki ilikuwa imekwisha kabisa. Kwenye maungio ya chini chuma kilikuwa chembamba kama bati la mkebe, na tiyo mbili zilikuwa na matundu unayoweza kupitisha kidole. Maji yalikuwa yanapanda na kurudi chini kwa matundu yale, ndiyo maana watoto walipompa mia moja kabla ya tone la kwanza kutoka. Kisha muuguzi wa kituo cha afya alitupimia maji kwa karatasi zake za rangi, akasema yana ukali. Maji yenye ukali wa namna hiyo yanakula zinki kwanza, na zinki ikiisha yanakula chuma. Mtu akiyanywa hayamdhuru kwa ukali huo, ila tiyo yanaimaliza.

Sasa mfikiri kama tungewasikiliza waliosema tununue ileile. Tungepata pompe mpya, tungepiga picha, tungekula mchele, na siku ileile maji yangeanza kula tiyo mpya. Baada ya miaka michache bidoni nyekundu zingerudi. Wazee wa komite walipoziona tiyo zile hawakubishana tena, na tunawapa heshima kwa hilo, kwa kuwa si kila mzee anabadilisha maneno yake mbele ya wamama.

Tulipima pia foraji yenyewe. Kamba mpya, fundo kila metre moja, jiwe zito mwishoni, na kabla ya kuiteremsha tuliiosha kwa maji ya klori. Chini kabisa ni metre 32. Maji tuliyapima mwisho wa mwezi wa nane, mwisho wa kiangazi, yakiwa metre 21 kutoka juu. Tunasisitiza wakati huo. Ukipima mwezi wa nne mvua ikinyesha, maji yatakuwa yamepanda na utafurahi bure. Pompe utaitundika juu mno, kiangazi itavuta hewa. Sisi tunataka silinda ikae metre 27, ili hata mwaka wenye jua kali iwe bado ndani ya maji, na isiguse mchanga wa chini.

Halafu tuliwahesabu watu. Jamaa 71, watu kama 460. Kila jamaa inataka angalau bidoni nne kwa siku, yaani bidoni 284. Pompe ya mkono kwa kina kama chetu inajaza bidoni ya lita 20 kwa dakika moja na nusu hivi, kama anayepompa hajachoka. Piga hesabu: dakika 426, masaa 7 na zaidi bila kupumzika. Inawezekana, lakini ndiyo mwisho wa nguvu zake. Pompe za namna hii zinafikiriwa kwa watu kama 300, na yetu itabeba 460. Na hizo bidoni nne zinampa kila mtu lita 12 tu, wakati hata kwa wakimbizi wa vita mashirika yanaweka lita 15 kama kiasi cha chini. Tunawaambia wazi ili msije mkasema tumewadanganya: pompe hii itakuwa ya maji ya kunywa, ya kupika, ya kuogesha watoto. Kufua kutabaki mtoni au kwa maji ya mvua, hadi siku kartie itakapopata foraji ya pili.

Hapo vijana walirudi na solari yao. Kweli, motere ya kuteremshwa ndani ya maji na pano tatu au nne juu ingechota bila mkono wa mtu. Tunaipenda. Kwa kituo cha afya, chenye ukuta na mlinzi, tungeichagua. Kwetu pano zitakaa wapi usiku? Na kile kisanduku cha umeme kikiungua, nani Kasongo atakifungua? Kitasafiri kwenda Bukavu au Lubumbashi, na sisi tutasafiri kwenda mtoni.

Tuliona pia pompe ya mguu, ile ya kikanyagio, ya mfano wa Vergnet kutoka Ufaransa. Wataalamu wanaisifu kwa sababu inafika mbali zaidi, metre 60, na ndani yake hakuna chuma kizito, ni mipira miembamba inayovutwa kwa mikono mitupu. Kwa upande wa kutu ingetufaa. Lakini sisi hatukusikiliza wataalamu peke yao. Kwenye foraji moja ya mbali kidogo yenye pompe hiyo, tuliwapeleka watu watatu: mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba, bibi mmoja mwenye goti bovu, na binti wa miaka kumi. Mama alipanda, akakanyaga mara nne, akashuka akisema anasikia anapoteza usawa. Bibi hakutaka hata kujaribu. Binti alikuwa mwepesi mno. Alirukaruka juu ya kikanyagio kama anacheza, maji yakatoka kidogo kidogo. Mwanaume aliyekuwa akituangalia alikanyaga kwa mguu mmoja, maji yakamwagika vizuri, akashangaa tunachosumbukia nini. Lakini nani anachota maji katika nyumba yake? Waliochagua pompe nyingi tulizonazo hawakuwahi kubeba bidoni. Watu wale watatu kwetu walikuwa na uzito kuliko karatasi zote za wauzaji.

Kuna pompe ya kamba, na hapa tunataka kukaa kidogo, ingawa hatukuichagua. Ni gurudumu la kinga kuukuu, kamba ya nailoni inayozunguka, na vipande vya mpira wa gari vilivyokatwa kwa duara na kufungwa kwenye kamba kila baada ya metre moja. Kamba inashuka kisimani, inapanda ndani ya tiyo ya plastiki, kila mpira unabeba maji yaliyo juu yake. Kule Nicaragua jamaa nyingi sana zinaitumia, na huku kwetu Afrika mafundi wa Njombe, kusini mwa Tanzania, wamejifunza kuitengeneza. Inaweza kupandisha maji kutoka metre 30 na zaidi kidogo. Mji huu umejaa kinga. Vijana wanazisukuma na mizigo ya mchele na mawese hadi Kindu na Kongolo. Mafundi wake wapo kila kona. Kwa jamaa 71 kamba ingekatika kila wakati, kwa hiyo si ya foraji yetu. Lakini wale wenye kisima cha kuchimba ndani ya parsela, kilicho wazi, ambapo kila mtu anatumbukiza ndoo yake na uchafu wake, waifikirie. Jamaa tano zikijiunga zinaweza. Kifuniko cha saruji juu ya kisima na pompe ya kamba ni bora mara nyingi kuliko ndoo saba tofauti.

Ikabaki mbili. Ya kwanza: kuacha kichwa chetu cha zamani na kununua tiyo za chuma kisichoshika kutu. Ni wazo zuri. Bei yake ilikuwa juu ya sanduku letu, na ndani yake kulikuwa na shida nyingine, kwamba ili kubadilisha mpira mmoja mdogo wa pistoni lazima utoe tiyo zote tisa zikiwa na vyuma na maji ndani. Ni zaidi ya kilo 100 zinazoning’inia. Zinahitajika nguzo tatu, vibanio, na wanaume wenye nguvu. Mnakumbuka mara ngapi pompe imelala wiki tatu kwa sababu wanaume wenye nguvu walikuwa mashambani au kwenye migodi ya Salamabila.

Ya pili ndiyo tuliyochagua. Inaitwa Afridev. Ni pompe ya mkono pia, lakini tiyo zake ni za plastiki ngumu, na vyuma vyake vya ndani tumeagiza visivyoshika kutu, kwa hiyo ukali wa maji yetu hauna cha kula. Inafanya kazi kutoka metre 10 hadi 45. Sisi na metre 27 zetu tuko katikati. Tiyo yake ni pana kuliko pistoni. Maana yake ni kwamba mpira ukichoka hutoi tiyo. Unafungua kichwa kwa ufunguo mmoja, unavuta vyuma vya ndani kimoja kimoja, vinaachana kwa ndoano bila chombo kingine, na pistoni inatoka. Watu wawili wanatosha. Wamama wawili wanatosha.

Si ndoto hiyo. Pompe hii ilitengenezwa Malawi na Kenya miaka ya 1980, katika mradi wa UNDP na Benki ya Dunia, na mahali pamoja ilipojaribiwa ni Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. Kule, shirika la KWAHO liliwafundisha wamama wa vijijini kutunza pompe na kuzitengeneza wenyewe. Ni wamama kama sisi, wa lugha yetu, wenye nazi pale ambapo sisi tuna michikichi, na wengi wao ni Waislamu kama wengi wa mji huu. Pompe ilibadilishwa na kubadilishwa tena hadi mikono yao ikaweza kuifungua. Kwa hiyo mtu akituambia pompe ni kazi ya wanaume, tumjibu kwamba hii ilitengenezwa makusudi isiwe hivyo.

Ina udhaifu wake. Plastiki haipendi jua: tiyo zikifika zilazwe ndani ya nyumba, zisiachwe uani mwezi mzima. Maungio yake yanagundishwa kwa gundi, na gundi ikipakwa kwa haraka au tiyo ikiwa na vumbi, itaachana kule chini. Mkono ukigongwagongwa juu na chini na watoto wanaocheza, vipande vya plastiki vinavyobeba mkono ule vinakwisha mapema. Mpira wa pistoni na vipande hivyo vibadilishwe kila mwaka hata kama maji bado yanatoka. Ndiyo maana hatukununua pompe peke yake. Tumeagiza pamoja nayo vipuri vya miaka mitatu. Kasongo iko mbali. Kindu ni zaidi ya kilometre 200, na mvua ikianza motari wenyewe wanaitukana njia ile. Kipande cha mpira kinachoingia mfukoni kinaweza kutunyima maji miezi miwili kama hakimo sandukuni siku kinapohitajika.

Mtu asije akawauzia tiyo za kupitishia nyaya za umeme au za maji machafu kwa jina la tiyo za pompe. Zinafanana kwa rangi. Ya kweli ina ukuta mnene na maandishi ya kipimo cha nguvu kwa urefu wake wote. Ile nyepesi ukiibana kwa vidole inabonyea. Mmoja wetu, ambaye mume wake ni fundi wa mabomba, amechaguliwa kuzipokea na kuzikagua moja moja kabla ya malipo ya mwisho. Nusu ya pesa imetoka, nusu iko bado, na daftari liko kwa mweka hazina. Kila mama ana ruhusa ya kulisoma.

Mzigo unatoka Lubumbashi. Utapanda treni hadi Samba, treni ikija, kisha utavuka Lualaba. Hatutoi tarehe, maana tarehe ya treni anaijua Mungu. Huku tukingoja, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klori, hata kwa wale wanaosema klori inanuka. Mdomo wa foraji umefungwa kwa kifuniko na kufuli. Watoto wasitupe mawe pale, jiwe moja likiingia litaziba kazi yote. Pompe ikishawekwa, foraji itasafishwa kwa klori na maji yatamwagwa hadi harufu iishe, kwa hiyo siku mbili za kwanza hakuna atakayechota, hata akiwa mama wa rais wa komite.

Wamama wawili wa kujifunza ufundi wanatafutwa. Wasiwe wenye kusafiri sana kwa biashara. Kusoma si lazima, kuhesabu ni lazima. Mume akubali, na tukihitaji kwenda kumwona na kuongea naye tutakwenda. Mmoja amekwisha kutoa jina lake, ni yule wa bidoni tano za migomba.

Siku ya posho inayokuja, saa moja asubuhi, tunavunja saruji ya zamani iliyopasuka kuzunguka foraji, na kujenga mpya yenye mfereji wa kupeleka maji mbali, kwenye migomba. Kila avenyu ilete bidoni kumi za mchanga safi na mawe ya kutosha. Mifuko ya saruji tunayo mitatu, imepungua mmoja.